Spana ya torki ikilia "tak", nani anathibitisha kwamba inasema kweli?

Mwaka jana gari letu la matangazo lilikuwa linarudi Mbeya kutoka Makambako, baada ya kurekodi kipindi cha wakulima. Tulipokaribia Igawa, dereva wetu alihisi usukani unacheza. Akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akashuka kulikagua gari. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelegea. Kati ya nati tano, mbili zilikuwa zinazunguka kwa vidole.

Siku nne kabla, magurudumu hayo yalifungwa gerejini mbele ya macho yetu, tena kwa spana ya torki. Kila nati ilipokazwa spana ililia "tak", na fundi akahamia nati nyingine. Tulipomrudia kumuuliza, hakukasirika. "Ndugu zangu, spana hii ninayo mwaka wa sita, haijawahi kuniangusha," alisema. Tukamuomba tuipeleke ikakaguliwe, akakubali. Ilipowekwa kwenye alama ya 110, ililia ikiwa imefika karibu 80 tu.

Hatuwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu pekee iliyolegeza nati zile. Tunachojua ni kwamba fundi hakutudanganya. Yeye mwenyewe alidanganywa na spana yake.

Tulipolisimulia tukio hili redioni, msikilizaji mmoja alituandikia swali fupi: "Na hiyo mashine iliyosema 80, yenyewe ilikaguliwa na nani?" Swali hilo limetupeleka mbali, hadi kwenye mashine ambazo mhimili wake haugusi kitu chochote isipokuwa hewa. Leo tunalijibu kwa kirefu.

Torki ni nini hasa?

Torki ni nguvu ya kuzungusha. Unaipata kwa kuzidisha nguvu unayosukumia na urefu wa mkono unaousukuma. Ndiyo maana fundi akishindwa kufungua nati hutafuta bomba la kuongezea mpini wa spana. Nguvu ya mikono yake ni ileile, lakini urefu umeongezeka, kwa hiyo torki imeongezeka.

Kipimo chake ni nyutoni-mita. Ukining'iniza jiwe la mzani la kilo moja kwenye ncha ya fimbo iliyolala sawa, yenye urefu wa mita moja, unapata karibu nyutoni-mita 9.8. Nati za gari dogo kwa kawaida hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 90 hadi 140, kutegemea gari. Nati za gurudumu la lori kubwa, kama yale yanayopita hapa kwetu kwenda Tunduma, hufika 600 au zaidi.

Kwa nini isiwe "kaza mpaka ushindwe"? Kwa sababu nati haishikwi na torki. Inashikwa na bolti iliyovutwa kidogo kama mpira, ikawa inabana gurudumu. Ikivutwa kidogo mno, gurudumu hulegea. Ikivutwa kupita kiasi, chuma huchoka na siku moja hukatika. Torki ni njia tu ya kukisia bolti imevutwa kiasi gani.

Na ni njia yenye hasara kubwa. Kanuni ya jumla wanayoitumia wahandisi ni hii: kwa kila shilingi 100 za nguvu unazotia kwenye nati, karibu 50 huliwa na msuguano chini ya nati, karibu 40 huliwa na msuguano kwenye hesi, na karibu 10 tu ndizo zinazofika kuivuta bolti. Kwa hiyo fundi akipaka oili kwenye hesi bila mtengenezaji kuagiza hivyo, torki ileile huivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

Mnyororo wa ukaguzi

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Spana ya fundi hukaguliwa kwa kifaa cha mezani chenye kihisi cha torki. Kihisi hiki ni kipande cha chuma kinachojisokota kidogo sana kinapozungushwa, na msokoto huo hugeuzwa kuwa ishara ya umeme inayosomeka kwa namba. Kifaa hicho cha mezani nacho hukaguliwa kwa kihisi bora zaidi, na hicho hukaguliwa kwa mashine ya kiwango cha taifa. Kazi hii ya kulinganisha kipimo kimoja na kingine kinachoaminika zaidi huitwa ugezi. Kwetu Tanzania, maabara ya ugezi ipo katika Shirika la Viwango, TBS. Kwa jirani zetu Kenya, kazi hiyo hufanywa na KEBS.

Kila ngazi ya juu lazima iwe sahihi kuliko ya chini yake. Kwa spana za mkono, kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu kosa la hadi asilimia 4 kwa spana zenye uwezo unaozidi nyutoni-mita 10, na asilimia 6 kwa zilizo ndogo kuliko hapo. Kifaa cha kuikagua lazima kikosee kidogo zaidi ya hapo, na kinachokikagua hicho kidogo zaidi tena.

Lakini mnyororo hauwezi kupanda bila mwisho. Lazima pawe na mahali ambapo torki haisomwi kutoka kwenye torki nyingine, bali inatengenezwa upya kutokana na uzito unaojulikana na urefu unaojulikana. Katika taasisi ya vipimo ya Ujerumani, PTB, iliyoko Braunschweig, ipo mashine ya namna hiyo inayofika nyutoni-mita 1000, na shaka iliyobaki katika kipimo chake ni takriban asilimia 0.002. Hiyo ni sawa na kupima kilo 100 za mchele na kutilia shaka gramu mbili tu. Taasisi ya vipimo ya Japani, NMIJ, iliyoko Tsukuba, nayo ina mashine ya aina hiyo.

Ukiitazama, kanuni yake ni mizani ya kale: mkono mrefu uliolala sawa, mhimili katikati, na mawe ya mzani yanayoning'inia kwenye ncha. Jiwe huning'inia kwa utepe mwembamba wa chuma ili urefu wa mkono ujulikane kwa uhakika. Tofauti ni kwamba mkono haushuki. Mhimili wake umeunganishwa na kihisi kinachokaguliwa, nacho ndicho kinachozuia mkono usianguke, kwa hiyo kinasokotwa kwa torki tunayoijua.

Msuguano unavyodanganya

Ugumu wote uko pale katikati, mahali mhimili unapolala. Kitu lazima kiubebe. Kinachoubeba kikishika hata kidogo, sehemu ya torki itaishia hapo na haitafika kwenye kihisi.

Fundi atasema: weka beringi nzuri ya gololi. Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa mkono na mawe yenye jumla ya kilo 100, unaobebwa na mhimili wa unene wa sentimita 10. Beringi nzuri ya gololi, iliyotiwa mafuta vizuri, itakula karibu nyutoni-mita 0.07. Gerejini hakuna atakayeliona hilo. Lakini tukitaka kutengeneza nyutoni-mita 10 kwa shaka ya asilimia 0.002, kosa tunaloruhusiwa ni nyutoni-mita 0.0002. Beringi peke yake inakula zaidi ya mara 300 ya hapo.

Kibaya zaidi ni tabia ya msuguano wa vyuma vinavyogusana. Unakuwa mkubwa zaidi kitu kikiwa kimetulia. Sote tunaijua tabia hii: kabati zito ni gumu kulianzisha, likishaanza kutembea linakuwa jepesi kidogo. Mkono wa mashine hii kazi yake ni kutulia. Ukitulia, gololi huushika kimyakimya, leo upande huu, kesho upande ule, wala hakuna namba yoyote inayoonyesha kwamba umeshikwa. Kosa lingekuwa lilelile kila siku tungelitoa kwa hesabu. Hili linabadilika, kwa hiyo halitoki.

Katika mfano wetu, kama mkono una urefu wa nusu mita, ungeweza kuweka kwenye ncha yake sukari ya vijiko vitatu vya chai na mkono usitikisike. Mizani ya namna hiyo haifai kumkagua mtu.

Zamani mizani nyingi nzuri zilitumia ncha kali kama makali ya kisu kuwa egemeo. Makali hayo hushika kidogo sana, lakini huchakaa, na hayapendi mzigo mzito wala kusukumwa kwa ubavu. Mashine ya torki ina mzigo mzito na kusukumwa kwa ubavu pia.

Hewa badala ya gololi

Hapa ndipo beringi ya hewa inapoingia. Chukua mhimili laini ulionyooka, uuweke ndani ya tundu lililouzidi kidogo sana, kisha sukuma hewa ya kompresa kupitia vitundu vidogo, au kupitia kaboni yenye vinyweleo, iingie katikati yao. Mhimili unanyanyuka na kuelea. Nafasi iliyobaki huwa karibu sehemu 10 za elfu za milimita. Unywele wa binadamu una unene wa karibu mara saba ya hapo.

Je, hewa inaweza kubeba kilo 100? Inaweza. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa zaidi kidogo ya kilo mbili kwa kila sentimita ya mraba, na gari zima linasimama juu yake. Beringi ya hewa hulishwa karibu kilo tano. Chini ya mhimili wetu wa mfano, wenye unene wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10, kuna sentimita za mraba 100 za kusukumwa. Kama msukumo wote ungefanya kazi, ungebeba kilo 500. Hewa nyingi hutoroka pembeni, lakini hata ikibaki robo tu, ni kilo 125.

Tena hewa inajirekebisha yenyewe. Mhimili ukishuka kidogo, nafasi ya chini hupungua, hewa hupata shida kutoroka na msukumo wake hupanda. Juu nafasi hupanuka na msukumo hushuka. Mhimili hurudishwa katikati bila mtu kuugusa.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1897 mhandisi wa Marekani, Albert Kingsbury, alichapisha matokeo ya majaribio ya mhimili uliozunguka juu ya tabaka la hewa. Ule wake ulijibeba kwa kuzunguka kwa kasi, kwa kuivuta hewa chini yake. Mhimili wa mizani ya torki hauzunguki, ndiyo maana lazima ulishwe hewa na kompresa.

Faida iko wapi? Mnato wa hewa ni karibu moja ya hamsini ya mnato wa maji, kwa hiyo hauzuii sana. Lakini hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba hewa huzuia kitu kinapotembea tu, na kadiri kinavyokwenda polepole ndivyo kizuizi kinavyopungua. Kikisimama, kizuizi ni sifuri. Hakuna ule mshiko wa kabati zito. Kwa mhimili wetu wa mfano, ukiwa unasogea polepole kabla ya kutulia, hesabu inatoa takriban sehemu moja ya milioni ya nyutoni-mita. Ukitulia, hakuna kitu.

Sasa badala ya vijiko vitatu vya sukari, mkono unaitikia kitu chenye uzito wa nusu ya punje ya mchele.

Hewa nayo ina mambo yake

Tusiisifu kupita kiasi. Hewa ya kompresa ya gereji ina maji, vumbi na mvuke wa oili. Kwenye nafasi nyembamba kiasi kile, punje moja ya vumbi ni jiwe. Kwa hiyo hewa huchujwa na kukaushwa kabla ya kuingia.

Pia mhimili haugeuzwi kamwe kabla hewa haijafunguliwa. Umeme ukikatika ghafla kompresa ikasimama, mhimili hukaa juu ya chuma na unaweza kukwaruzwa, na beringi yenye mkwaruzo haiaminiki tena. Tangi la akiba, la kuupa mhimili dakika za kutulia, ni lazima. Sisi tunaoujua umeme wa kukatika katikati ya taarifa ya habari, tunalielewa hilo bila kuelezwa.

Halafu kuna upepo wa beringi yenyewe. Vitundu visipolingana, hewa inayotoroka huusukuma mhimili upande mmoja, kama upepo unavyokizungusha kishada cha mtoto. Wataalamu huujaribu mhimili katika mikao tofauti bila mzigo ili waone kama unasukumwa.

Ukishaondoa msuguano, makosa mengine yaliyokuwa yamejificha nyuma yake hujitokeza. Chuma cha kawaida cha nusu mita hurefuka karibu sehemu sita za elfu za milimita kwa nyuzijoto moja tu. Hicho kidogo kinakula zaidi ya nusu ya ile asilimia 0.002. Ndiyo maana chumba hutunzwa joto lilelile usiku na mchana, na mkono ukafichwa ndani ya kasha ili pumzi ya mtu isiufikie.

Hewa ileile inayosaidia kwenye beringi huiba kwenye mawe ya mzani. Jiwe la chuma la kilo moja huelea kidogo hewani, kama mtu anavyoelea majini, na hupungukiwa karibu gramu 0.15. Lazima zihesabiwe.

Hata mvuto wa dunia haulingani. Braunschweig, mvuto ni karibu 9.81, huku kwetu, karibu na ikweta na juu milimani, ni karibu 9.78. Tofauti ni kama asilimia 0.3. Mashine ikihamishwa kutoka kule kuja huku na mawe yake yaleyale, bila kurekebisha hesabu, itakosea zaidi ya mara 100 ya kosa inaloruhusiwa. Kipimo cha kweli lazima kijue kiko wapi.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Mtaalamu hufungua hewa, husubiri mkono utulie, kisha hufunga kihisi. Hushusha jiwe la kwanza. Mkono unataka kuinama, kihisi kinajisokota kidogo, na mota iliyo upande wa pili wa kihisi huzunguka taratibu mpaka mkono ulale sawa tena. Hapo ndipo ishara ya umeme inaposomwa. Kisha jiwe la pili, la tatu, hadi juu kabisa, na kurudi chini ngazi kwa ngazi. Baada ya hapo kihisi hufunguliwa, hugeuzwa na kufungwa tena, na kazi yote hurudiwa, ili kuhakikisha kwamba namna kilivyofungwa haikuingiza kosa lake.

Si kazi ya haraka. Kwa kuwa hakuna msuguano wa kuutuliza, mkono huchelewa kuacha kuyumba, na mtu husubiri.

Turudi gerejini

Kuanzia kwenye tabaka lile la hewa, kipimo huteremka: kutoka mashine ya kiwango hadi kihisi, kutoka kihisi hadi kifaa cha mezani, kutoka kifaa cha mezani hadi spana ya fundi, na kutoka spana hadi nati inayoshika gurudumu la basi ulilopanda. Kiungo kilichokatika katika kisa chetu kilikuwa cha mwisho kabisa, yaani spana ambayo haikukaguliwa kwa miaka sita.

ISO 6789 inashauri spana ikaguliwe kila baada ya miezi 12 au kila baada ya kutumika mara 5000, lolote litakalotangulia, kama mwenyewe hana utaratibu mwingine. Mara 5000 zinaonekana nyingi. Lakini lori lenye tela lenye ekseli sita, kwa nati kumi kila kitovu, lina nati 120. Gereji inayofunga lori moja kama hilo kila siku itafika 5000 kabla ya miezi miwili kwisha.

Tunayokuomba wewe dereva au mwenye gari ni haya. Muulize fundi wako spana yake ilikaguliwa lini, na kama ana cheti. Umuulize kwa heshima, si kwa kumshtaki, maana hata yeye anastahili kujua. Baada ya gurudumu kufungwa, tembea kilomita 50 hadi 100, kisha nati zikaguliwe tena. Usikubali mtu asimame juu ya mpini wa spana na kuruka.

Nawe fundi: vuta taratibu, ukisikia "tak" acha hapohapo, kaza kwa kukingamisha badala ya kuzunguka duara, na jioni irudishe spana kwenye namba yake ya chini kabisa ili springi ipumzike.

Fundi wetu alinunua spana mpya. Ya zamani ameitundika ukutani na kuibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: 110 = 80. Wateja wakimuuliza maana yake, huwasimulia kisa cha Igawa, kisha huwaonyesha cheti cha ile mpya.